Muziki kwenye mbavu: santuri za eksirei za Leningrad zilivyochongwa na zilivyouzwa

Chukua picha ya eksirei ya kifua, ile plastiki nyeusi ambayo daktari huiinua kwenye mwanga. Ikate duara kwa mkasi. Katikati, penye uti wa mgongo, itoboe kwa moto wa sigara. Iweke kwenye gramafoni, shusha sindano, na katikati ya mbavu za mgonjwa usiyemjua patatoka tango, foksitroti, au miaka kadhaa baadaye rokenroli. Kuanzia 1946 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 hivyo ndivyo watu wa Leningrad (Saint Petersburg ya leo), kisha wa Moscow na miji mingine ya Umoja wa Kisovieti, walivyopata nyimbo ambazo duka la serikali halikuziuza. Mitaani santuri hizo ziliitwa "mbavu", na muziki wake "muziki kwenye mifupa".

Habari hii huwa inasimuliwa kwa pumzi moja: vijana walipenda jazi ya Marekani, Stalin akaipiga marufuku, wakaichonga kwenye eksirei. Si uongo, ila ndani yake kuna mambo matatu yaliyofungwa fundo moja: kilichokatazwa, waliochonga, na waliovaa wakacheza. Waliohusika katika kila moja hawakuwa watu walewale, na wala hawakutaka kitu kilekile.

Ugeni uliamuliwa ofisini

Jazi haikuwa haramu siku zote. Miaka ya 1930 Leonid Utyosov alijaza kumbi na bendi yake, na mwaka 1938 serikali yenyewe iliunda okestra ya jazi ya taifa. Vita vilipopamba moto, bendi zilipelekwa mstari wa mbele kuwachangamsha askari. Wamarekani walikuwa washirika, na muziki wao haukuwa na kosa.

Upepo ulibadilika 1946. Andrei Zhdanov, aliyesimamia itikadi ndani ya chama, alianza na waandishi wa Leningrad mwezi Agosti mwaka huo. Februari 1948 ikawa zamu ya watunzi wa muziki, Shostakovich na Prokofiev wakiwamo. Kwa wapiga muziki wa dansi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Eddie Rosner, mpiga tarumbeta aliyeongoza okestra ya jazi ya Belarusi, alikamatwa 1946 akapelekwa kambi za wafungwa za Kolyma, mashariki ya mbali ya nchi, na hakutoka hadi 1954. Neno "jazi" liliondolewa kwenye mabango, saksafoni zikatolewa kwenye bendi, na wanamuziki wakakiita kipindi hicho, kwa mzaha mchungu, "kunyoosha saksafoni".

Hapa ndipo masimulizi mengi yanapokosea. Orodha ya vilivyokataliwa haikuwa ya Wamarekani peke yao. Kwa miaka kumi ya kwanza, sehemu kubwa ya kilichochongwa kwenye mbavu kiliimbwa kwa Kirusi. Pyotr Leshchenko, mzaliwa wa eneo la Odessa aliyeishi Bucharest na kuimba tango na foksitroti kwa Kirusi, alikuwa miongoni mwa walioombwa sana. Kosa lake lilikuwa kuishi upande wa pili wa mpaka. Alikamatwa Romania 1951 akafia gerezani 1954, huku sauti yake ikiendelea kuuzwa chini kwa chini Leningrad. Palikuwa pia na nyimbo za Wagypsy, nyimbo za wahamiaji waliokimbia mapinduzi, na nyimbo za wezi na wafungwa, ambazo hakuna aliyeweza kudai zimetoka New York. Karani mmoja akiandika "isirudiwe", wimbo wa Kirusi uligeuka wa kigeni, na bibi aliyeucheza kwenye harusi yake mwaka 1935 akawa mnunuzi wa magendo sawa na mjukuu wake.

Kioski cha barua za sauti

Mwaka 1946, katika barabara ya Nevsky namba 75, Stanislav Philo alifungua studio ndogo ya kurekodi sauti. Kibali chake kilikuwa halali kabisa: mteja aliingia, akazungumza au kuimba mbele ya kipaza sauti, akatoka na santuri ya kumpelekea mama yake kijijini. Mashine ilikuwa Telefunken ya Kijerumani, nyara ya vita. Milango ilipofungwa jioni, mashine ileile ilinakili santuri za nje kwa ajili ya wateja wa aina nyingine.

Miongoni mwa walioingia pale walikuwa Ruslan Bogoslovsky na Boris Taigin. Bogoslovsky alikuwa na jicho la fundi. Aliiangalia mashine ya Philo hadi akaielewa, akachora vipuri vyake, akavichongesha, akaunda yake. Vijana hawa waliupa mradi wao jina la Mbwa wa Dhahabu. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa utani huo: mbwa anayesikiliza gramafoni, nembo ya His Master's Voice, ndiye aliyekuwa kwenye santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay 1928. Leningrad walimchukua mbwa huyohuyo, wakampaka dhahabu.

Mashine yenyewe haina maajabu, ila haisamehe uzembe. Ina sahani inayozungushwa na mota. Sahani lazima iwe nzito, kwa sababu uzito ndio unaofanya mwendo usiyumbe. Juu yake kuna parafujo ndefu inayogeuka polepole na kusukuma kichwa cha kuchongea kutoka ukingoni kuelekea katikati. Ndani ya kichwa kuna sumaku, koili na sindano kali ya kukata. Santuri ya asili inachezwa pembeni, sauti yake inapita kwenye amplifaya, amplifaya inatikisa koili, sindano inacheza kushoto na kulia huku ikilima mfuo, yaani mtaro mwembamba unaobeba sauti. Kipuri kigumu kuliko vyote ni parafujo. Meno yake yakiwa na hitilafu, mifuo hukaribiana mahali fulani hadi inagusana, na sindano ya msikilizaji itaruka hapo kila mara.

Kwa nini eksirei

Hapakuwa na plastiki tupu ya kununua dukani, na filamu ya eksirei ilikuwa na sifa zote muhimu: laini ya kutosha kulimwa, ngumu ya kutosha kushika mfuo, nyembamba, na ya bure au karibu bure. Hospitali zilikuwa nazo marundo. Filamu za zamani zilitengenezwa kwa nitroselulosi, ndugu wa baruti, ambayo huwaka kwa kasi na moshi wake ni sumu. Mei 1929 filamu za namna hiyo ziliwaka katika kliniki moja mjini Cleveland, Marekani, na watu zaidi ya 120 wakafa, wengi kwa moshi. Hospitali za Kisovieti zilitakiwa kuziondoa stoo kila baada ya muda, hivyo mhudumu aliyempa mtu furushi zima alikuwa anatekeleza agizo la usalama na kupata fedha kidogo juu yake. Serikali iliyokataza muziki ndiyo iliyoutafutia karatasi ya kuandikia.

Aliyechonga hakuchagua picha kwa uzuri. Fuvu, nyonga, mkono uliovunjika, chochote kilichokuja kilikatwa. Leo ndizo hizo zinazowavutia wapiga picha, lakini kwa mnunuzi wa 1950 ule mchoro haukuwa na maana yoyote. Kilichomhusu ni kama sindano itaruka.

Dakika tatu, na kila kinachoweza kuharibika ndani yake

Santuri ya mbavu ilikuwa ya upande mmoja, mara nyingi yenye kipenyo cha karibu sentimita 25 au pungufu, na ilizunguka mara 78 kwa dakika. Wimbo wa dakika tatu ni mizunguko 234. Ukipanga mifuo 4 katika kila milimita, unahitaji karibu milimita 58 za nafasi, ambazo ndizo takriban zilizopo kati ya ukingo na eneo la katikati. Ndiyo maana wimbo mrefu ulikatwa kabla ya kwisha.

Mtu atauliza: kwa nini wasipunguze mwendo hadi mizunguko 33 wakapata nafasi zaidi? Jibu liko kwenye kasi ya plastiki chini ya sindano. Kwa mwendo wa 78, ukingoni, sentimita 12 kutoka katikati, plastiki hupita kwa karibu sentimita 98 kwa sekunde. Karibu na katikati, kwenye sentimita 5, hushuka hadi kama 41. Kadiri kasi inavyopungua, mawimbi ya sauti nyembamba hubanwa hadi sindano nene ishindwe kuyafuata, na matoazi na fidla hugeuka mnong'ono. Kwa mwendo wa 33, hata mfuo wa nje kabisa ungekuwa na kasi ya sentimita 42 tu. Yaani santuri nzima ingesikika kama sehemu mbovu kuliko zote ya santuri ya 78, na gramafoni nyingi za majumbani hazikuwa na mwendo huo.

Kina cha mfuo kilikuwa jaribio la pili. Filamu ina unene wa takriban sehemu mbili za kumi za milimita, na mfuo mzuri huchukua kama theluthi moja ya unene huo. Uzito ukizidi kidogo kwenye kichwa, sindano inatoboa upande wa pili na kuchubua sahani. Ukipungua, sindano ya msikilizaji inateleza juu ya mifuo kama mtoto kwenye tope. Na filamu haikai bapa. Imezoea kujikunja, kwa hiyo ilibidi ibanwe kingo zote, vinginevyo kila mzunguko una kilima na bonde, kina kinabadilika, sauti inapanda na kushuka.

Wakati wa kuchonga, sindano hutoa uzi mwembamba wa plastiki usiokatika. Uzi huo ukirudi chini ya sindano, kazi imekwisha. Fundi alisimama na brashi laini akiuelekeza katikati dakika zote tatu, bila sigara mdomoni, kwa maana uzi wa nitroselulosi unawaka kuliko filamu yenyewe. Picha pia ina tabaka la jelatini, ambalo hunyonya unyevu. Kwenye chumba chenye unyevu huvimba na mifuo hupoteza umbo.

Kisha kuna jambo la majirani. Familia nyingi za Leningrad ziliishi kwenye nyumba za pamoja, chumba kimoja kila familia, jiko moja kwa wote. Kichwa cha kuchongea huimba chenyewe: hata spika ikiwa imezimwa, ule wimbo husikika kwa sauti ya mbu ukikaa karibu. Hatua nzito za jirani zilitosha kurusha sindano. Ukichonga usiku wa manane, sakafu imetulia lakini masikio yote yako wazi. Ukichonga mchana, sauti inamezwa na shughuli za nyumba lakini sakafu inatikisika.

Hapakuwa na njia ya mkato. Kiwanda kina chuma cha kugandamizia, kinatoa nakala moja baada ya nyingine. Huyu alicheza wimbo mzima kwa kila nakala. Hata asipovuta pumzi hawezi kuzidi 20 kwa saa, na ukiweka muda wa kubadili filamu, kubana kingo na kusafisha, idadi hiyo inashuka mno. Tena kila mara alipoicheza santuri ya asili aliichakaza. Fundi mwangalifu alichonga nakala moja bora akaificha, akaitumia hiyo kama mama wa nyingine. Wasio waangalifu walinakili nakala ya nakala, na kila kizazi kikaongeza mkwaruzo wake juu ya ule wa mwenzake, hadi ukasikia mvua na mtu akiimba mbali ndani yake.

Tundu la sigara nalo lina hesabu zake. Kijiti cha katikati cha gramafoni kina unene wa kama milimita 7. Tundu likiwa pana kuliko kijiti, santuri hukaa pembeni, na milimita moja tu ya kuhama inafanya sauti kupanda na kushuka kwa asilimia karibu 2 kwenye mifuo ya ndani, zaidi ya mara moja kila sekunde. Piano yote inalewa. Mwimbaji wa tango haathiriki sana, maana sauti yake inatetema tayari.

Nyumbani kwa mnunuzi, gramafoni ya kuvuta kwa mkono ilikuwa na kichwa kizito na sindano ya chuma iliyotengenezwa kwa santuri ngumu za shelaki, zile za kawaida za wakati huo. Kwenye filamu laini ilikuwa jembe. Baada ya kuchezwa mara chache sauti ilianza kufifia, na baada ya miezi kadhaa ya matumizi palibaki kelele.

Mkono wa koti

Filamu hukunjika, na hiyo ndiyo sifa iliyowafaa wauzaji kuliko zote. Santuri ya shelaki ni nzito na huvunjika. Mbavu zilizungushwa na kuingizwa ndani ya mkono wa koti, kadhaa kwa pamoja, na muuzaji akasimama kwenye kona, au karibu na duka la santuri halali, akinong'ona majina kwa wapita njia. Kujaribu kabla ya kununua haikuwezekana, kwa hiyo utapeli ulistawi. Wapo waliolipia jina la Leshchenko wakapata mwigizaji aliyemwiga kwa ustadi, na wakusanyaji bado wanabishana kuhusu baadhi ya rekodi hizo. Na ipo aina nyingine inayokumbukwa na wengi: wimbo unaanza vizuri, sekunde chache, kisha muziki unakatika na sauti ya mtu inamuuliza mnunuzi kama alitaka kusikia mambo ya kisasa, halafu inamwagia matusi. Kushtaki wapi?

Malighafi ya nyimbo zenyewe ilitoka kwa mabaharia, kwa askari waliorudi na mizigo kutoka Ujerumani, na kwa santuri za zamani zilizonusurika majumbani. Kuanzia Januari 1955 redio ikaongezeka, pale Willis Conover alipoanza kipindi chake cha jazi kwenye Sauti ya Amerika. Mitambo ya Kisovieti ya kuvuruga mawimbi ilijengwa kuzuia maneno, hasa ya Kirusi. Mtu anayeongea Kiingereza polepole na kupiga santuri za Duke Ellington hakuwa shabaha yao kuu.

Mabishoo wa Broadway

Waliovaa ni kundi jingine. Machi 1949 jarida la vichekesho la *Krokodil* lilichapisha makala ya Dmitry Belyaev iliyowabatiza jina la *stilyagi*, kutokana na neno "staili". Kwa Kiswahili cha Dar es Salaam hakuna tafsiri bora kuliko mabishoo. Suruali iliyobana wakati za dukani zilikuwa pana kama gunia, viatu vya soli nene vilivyogundishwa na fundi wa mtaani, tai yenye rangi za kuumiza macho, nywele za mbele zilizoinuliwa kwa mafuta. Barabara ya Nevsky kwao ilikuwa Broadway, na huko Moscow jina hilo lilipewa barabara ya Gorky.

Kuwaita wapinzani wa kisiasa ni kuwavika koti lisilo lao. Mwanzoni wengi walikuwa watoto wa wakubwa, wenye baba anayesafiri na nyumba yenye nafasi ya kucheza. Hawakuandika vipeperushi. Mavazi yao ya Kimarekani hayakufanana na ya Marekani yoyote iliyopo. Waliyaunganisha kutoka kwenye filamu za nyara walizoonyeshwa na serikali yenyewe sinemani, Tarzan akiwamo, kwa kuwa sinema zilihitaji mapato. Katikati ya miaka ya 1950 vikundi vya Komsomol, umoja wa vijana wa chama, viliwavizia na mikasi, vikachana suruali na kukata nywele, na msemo ukaenea: leo anacheza jazi, kesho atauza nchi. Ukimwambia kijana wa miaka 17 kwamba nywele zake ni usaliti, umemwonyesha mahali pa kusimama ambapo yeye mwenyewe hakuwa amepafikiria.

Wachongaji ndio waliolipa bei kamili. Novemba 1950 kundi la Mbwa wa Dhahabu lilikamatwa. Bogoslovsky alihukumiwa miaka 3, Taigin miaka 5, mashtaka ya huyu wa pili yakigusa pia nyimbo za mitaani alizotunga na kuziimba mwenyewe. Stalin alikufa Machi 1953, msamaha ukatolewa, wakatoka, wakawasha mashine tena. Bogoslovsky alifungwa mara tatu kwa jumla. Tofauti ya adhabu inaeleza kitu: bishoo alinyolewa na kuchekwa gazetini, fundi alipelekwa kambini, kwa sababu fundi alikuwa na kiwanda, wateja na kipato nje ya mkono wa serikali.

Julai 28 hadi Agosti 11, 1957, Moscow ilifungua milango kwa tamasha la vijana la dunia, na wageni kama 34,000 wakaingia na gitaa zao, suruali zao na santuri zao. Baada ya hapo bishoo hakuwa kioja tena. Mbavu ziliuawa na tepu. Mashine za kurekodi kwa tepu zilipoanza kupatikana majumbani mwishoni mwa miaka ya 1950, kunakili kulihitaji waya mmoja na subira, hakuna uzi wa kufagia wala kina cha kupima. Mwaka 1964 likazaliwa shirika la santuri la Melodiya, na mwaka huohuo jarida la serikali *Krugozor* likaanza kutoka likiwa na santuri nyembamba za plastiki zilizobanwa ndani ya kurasa. Zilikunjika kama mbavu, na mashabiki wa mwanzo walizitambua mara moja.

Anayebahatika kupata moja leo asiiweke kwenye gramafoni ya zamani. Inahitaji kichwa chepesi cha kisasa chenye sindano ya ukubwa wa santuri za 78, ichezwe mara moja, irekodiwe kidijitali, kisha ilazwe bapa mahali pakavu penye hewa, mbali na moto na mbali na filamu nyingine. Ikinata au ikiwa na unga wa kahawia, nitroselulosi imeanza kuoza na haitakiwi kuchezwa kabisa. Na asiyaamini sana makusanyo ya majumba ya makumbusho kuhusu kilichopendwa. Nyimbo zilizopigwa kila usiku zililiwa na sindano zikatupwa. Zilizobaki safi mara nyingi ni zile ambazo mwenyewe hakuzitamani sana, au zile za matusi.